Kamera Imeona Utumbo Safi, Mgonjwa Bado Anaharisha

Hotuba kwa watumishi wa afya wa hospitali za wilaya na vituo vya afya

Ndugu mwenyekiti, madaktari, matabibu, wauguzi, wafamasia na wenzetu wa maabara: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya mgonjwa anayeharisha kwa muda mrefu. Mada hiyo ni pana mno kwa muda niliopewa, na sehemu kubwa yake mnaijua vizuri kuliko mimi, maana nyinyi ndio mnaokutana nayo kila asubuhi kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Leo nitashika ugonjwa mmoja tu, kolaitisi ya hadubini, yaani mchochota wa utumbo mpana unaoonekana kwa hadubini tu. Nimeuchagua kwa sababu mgonjwa wake anaweza kupimwa kila kitu, mpaka kamera ya utumbo mpana, akalipa, akaambiwa hana tatizo, kumbe analo. Halikuonekana kwa kuwa hakuna aliyekata kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta wa utumbo cha kupimwa maabara.

Njia anayopita mgonjwa huyu mnaifahamu. Choo kimekuwa maji. Siku za mwanzo anachemsha majani ya mpera, na sina ugomvi na majani ya mpera. Wiki ya pili anakwenda duka la dawa, anapewa metronidazo. Hakuna nafuu, anapewa dawa ya minyoo. Kisha kipimo cha Widal kinasoma chanya, kama kinavyopenda kusoma, anaanza sindano za taifodi. Mwezi wa tatu mtu anashtuka, anampima VVU, jibu ni hasi. Mwenye bima, au mwenye watoto wenye uwezo, ndiye anayefika kwenye kamera. Kamera inapita utumbo mpana wote hadi karibu na kidole tumbo, ukuta unang'aa, hauna kidonda, hauna uvimbe. Ripoti inaandikwa: kawaida. Mgonjwa anarudi na bahasha yake, anaambiwa ni msongo wa mawazo, apunguze pilipili. Usiku uleule, saa nane, yuko chooni.

Hiyo saa nane ya usiku ndiyo ningependa muikumbuke. Tumbo linalosumbuliwa na mawazo kwa kawaida hulala mwenyewe akilala. Anayeamshwa usingizini na kuhara ana ugonjwa unaohitaji kutafutwa mpaka upatikane.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mwaka 1976, mjini Malmö, Sweden, daktari Clas Lindström aliandika habari za mwanamke aliyekuwa akiharisha maji kwa muda mrefu. Kwa macho utumbo wake haukuwa na dosari, lakini chini ya hadubini, mara tu chini ya safu ya juu ya seli, palikuwa na ukanda mnene wa kolajeni, yaani nyuzi za protini. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani wakaanza kutumia jina la kolaitisi ya hadubini, na mwaka 1989 ikaelezwa aina ya pili, ambayo haina ukanda huo ila safu ya juu imevamiwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo limfositi. Kwa hiyo tuna aina mbili, ya kolajeni na ya limfositi. Dalili ni zilezile, tiba ni ileile, na wagonjwa wengine huwa na picha ya katikati isiyotimia upande wowote. Msipoteze usingizi kwa kuzitenganisha. Hiyo ni kazi ya mpatholojia, daktari anayesoma vinyama kwa hadubini.

Vipimo vyake ni hivi. Ukanda wa kolajeni kwa mtu mzima hauzidi mikromita 5. Ukivuka mikromita 10, hiyo ni kolaitisi ya kolajeni. Limfositi zikizidi 20 kwa kila seli 100 za safu ya juu, hiyo ni kolaitisi ya limfositi. Mikromita 10 ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Hakuna kamera ya kuuona ukanda huo, hata iwe mpya kiasi gani, na hakuna jicho la daktari bingwa la kuuona. Kwa hiyo anayesema "nimeangalia vizuri, hakuna kolaitisi" anasema jambo ambalo macho yake hayana uwezo wa kulijua.

Maji yanatoka wapi? Kila siku utumbo mpana hupokea kama lita moja na nusu ya majimaji kutoka utumbo mwembamba, ukayafyonza karibu yote. Maji hufuata chumvi. Ukuta ukiwa na mchochota, njia za kufyonza chumvi hulegea, na maji hubaki ndani. Ukuta haukuchimbika, ndiyo maana damu haitoki. Lishikeni hilo: mgonjwa akikwambia choo kina damu, tafuta kitu kingine, hata kama umri na mengine yote yanaelekea huku.

Ni ugonjwa wa wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza baada ya miaka 50, wengi wakiwa kwenye sitini. Hata hivyo, takriban robo ya wagonjwa wana umri chini ya miaka 45, kwa hiyo ujana haumwokoi mtu. Huko Ulaya na Marekani, ambako ndiko namba hizi zinakotoka, ukiwachukua wagonjwa wenye kuhara maji kwa muda mrefu ukawapitisha kwenye kamera na kukata vinyama, angalau mmoja kati ya kumi unamkuta na ugonjwa huu. Huku kwetu ambako vinyama havikatwi, mtu asisimame akasema haupo.

Nitawaeleza mgonjwa mmoja, na nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Mama, mwalimu mstaafu, miaka sitini na kitu. Alikuwa ameacha kwenda kwenye kikao cha vicoba kwa sababu nyumba inayofanyikia choo chake kiko nyuma ya uwanja. Daladala alipanda kama tu kiti cha mlangoni kiko wazi. Safari ya mkoani alifunga kula tangu jana yake. Haya yote hakunieleza mimi. Kwangu alisema "tumbo linanisumbua kidogo, mwanangu." Aliyeyatoa ni muuguzi, dada mtu mzima, aliyefunga mlango na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mama, huwa kinakuwahi kabla hujafika?" Mama akanyamaza, halafu akafungua pochi, akaonyesha vitambaa alivyokuwa akivivaa. Mficha uchi hazai, tunasema, lakini na sisi tuulize kwa namna ambayo mtu anaweza kujifunua bila kudhalilika. Swali hilo liulizeni kila mara. Kwa wagonjwa hawa kuwahiwa na choo ni jambo la kawaida, na ndilo linalowafungia ndani kuliko idadi ya safari za chooni.

Kisha nikamwomba amwage dawa zake zote mezani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 wazee wetu wanatembea na dawa kwenye vifuko vya kitenge, na kifuko cha mama huyu kilikuwa kimejaa. Diklofenaki ya magoti. Lansoprazo, kwa sababu diklofenaki inamchoma tumbo. Metfomini ya sukari. Dawa ya presha. Nyingine ya usingizi aliyopewa na jirani.

Nendeni taratibu hapa, maana kwenye kifuko ndiko nusu ya tiba iliko. Kuna kundi la dawa linalohusishwa na kolaitisi ya hadubini: dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni; dawa za kupunguza asidi, na katika hizo lansoprazo ndiyo inayotajwa zaidi; na baadhi ya dawa za sonona, hasa setralini. Sisemi kwamba kila anayezimeza ataugua. Nasema mtu akianza kuharisha wiki au miezi michache baada ya kuanza mojawapo, hiyo ndiyo ya kusimamisha kwanza, ikiwa hali yake inaruhusu. Na mnajua jinsi dawa hizi mbili za kwanza zinavyouzwa: mtu anataja "vidonda vya tumbo" dirishani anapewa kopo, na mwaka mzima hakuna anayemuuliza kama bado anazihitaji. Metfomini nayo huharisha kwa njia yake, bila kolaitisi yoyote, usiisahau. Jambo la pili ni sigara. Wavutaji huupata ugonjwa huu mapema kuliko wasiovuta, kwa zaidi ya miaka kumi.

Kabla ya kumpeleka kwenye kamera, ondoeni kwanza yaliyo mengi katika mazingira yetu. Choo kiangaliwe ameba, giadia na mayai ya kichocho. VVU vipimwe, na kama vipo, tafuteni vimelea vya mgonjwa mwenye kinga ndogo. TB ya utumbo ipo. Kukonda, homa za jioni na jasho la usiku vinatakiwa kuwapeleka huko. Pimeni sukari na tezi ya shingo. Ulizeni juu ya maziwa, maana watu wazima wengi wetu hatuyamudu. Na pale inapowezekana, damu ipimwe ugonjwa wa siliaki, ule wa kutoelewana na protini ya ngano, kwa sababu hutembea pamoja na kolaitisi hii. Magonjwa mengine ya kinga kujishambulia hutembea nayo pia: ya tezi, baridi yabisi ya viungo, kisukari cha aina ya kwanza. Kipimo cha choo cha kalprotekitini, protini inayoashiria mchochota wa utumbo, ambacho baadhi ya maabara binafsi zimeanza kukitangaza, kisiwadanganye. Kinaweza kuwa kawaida kabisa na mgonjwa ana kolaitisi ya hadubini.

Tufike kwenye kamera. Ombi langu kwa wanaoiendesha ni jepesi: mgonjwa wa kuhara maji kwa zaidi ya wiki nne asitoke mezani bila vinyama, hata utumbo uking'aa namna gani. Kata upande wa kulia na upande wa kushoto, vipande kadhaa kila upande, viwekwe kwenye chupa tofauti za fomalini, kila chupa iandikwe upande wake. Usikate puru peke yake ukaona umemaliza. Ukanda wa kolajeni hautandazwi sawasawa. Unaweza kuwa mnene upande wa kulia na puru ikawa haina kitu. Yule mama alikuwa hivyo hasa. Kinyama cha puru kilikuwa safi, cha kulia ndicho kilichosema.

Kisha fomu. Naomba niseme kwa niaba ya wapatholojia, ambao hawapo hapa kujitetea. Fomu inayosema "kinyama cha utumbo, tafadhali pima" haimsaidii mtu. Andika: mwanamke wa miaka kadhaa, anaharisha maji bila damu kwa miezi kadhaa, kamera safi, anatumia dawa hizi, tafuta kolaitisi ya hadubini. Ukanda wa mikromita 10 ni rahisi kupitwa na mtu anayetafuta saratani. Anayejua anachotafuta ataongeza rangi ya kuonyesha kolajeni, atahesabu limfositi, na atakuwa mwangalifu kipande kilichokatwa kimshazari kisimwonyeshe unene usiokuwepo.

Kuna watakaoniambia vinyama vinaongeza gharama. Vinaongeza, kweli. Lakini mfikirieni mtu ambaye tayari anaharisha, mkampa lita kadhaa za dawa ya kumharisha zaidi ili utumbo usafike, mkapitisha kamera, kisha baada ya miezi sita mkamwita arudie yote hayo kwa sababu mara ya kwanza hamkukata. Mama yule nilipomweleza maandalizi ya kipimo alicheka mpaka akafuta machozi. "Yaani mniharishe mimi?"

Tiba. Hatua ya kwanza nimeshaitaja: kifuko cha dawa, na sigara. Kwa wenye dalili nyepesi hiyo pamoja na loperamidi inaweza kutosha. Loperamidi inapunguza safari, haiponyi mchochota, na isizidi miligramu 16 kwa siku, maana kwa wingi inavuruga mapigo ya moyo.

Asiyetulia kwa hayo, dawa yake ni budesonidi. Hii ni steroidi, dawa inayotuliza mchochota na kinga ya mwili, ila imetengenezwa kwenye kapsuli inayofunguka mwishoni mwa utumbo mwembamba na mwanzoni mwa utumbo mpana. Ikishafanya kazi pale hupita kwenye ini, na ini huivunja karibu asilimia 90 kabla haijasambaa mwilini. Dozi ni miligramu 9 kwa siku, asubuhi, kwa wiki sita hadi nane. Wagonjwa wapatao wanane kati ya kumi hutulia, wengi ndani ya wiki chache za mwanzo. Nimeona wagonjwa ambao wiki ya pili walirudi kuuliza kama ni kawaida kukaa siku nzima bila kwenda chooni!

Wafamasia, hili ni lenu. Budesonidi iliyo kwenye rafu nyingi ni ya kuvuta kwa ajili ya pumu, au ya puani. Hiyo haifiki kwenye utumbo mpana, na mgonjwa asipewe kama mbadala kwa sababu jina linafanana. Kapsuli zenyewe si kila famasi inazo, huagizwa, na bei yake inauma. Hapo ndipo kishawishi cha prednisoloni kinapoingia, maana ipo kila mahali na ni rahisi. Nakushaurini msiikimbilie. Hufanya kazi kidogo kuliko budesonidi, ugonjwa hurudi upesi ukiiacha, na sukari, presha na mifupa ya mama wa miaka sitini vitalipa.

Na kuna mambo mawili ambayo vitabu vya Ulaya huyapitia kwa haraka, lakini huku kwetu yanaweza kuua.

La kwanza ni minyoo ya strongiloidi. Huingia kupitia ngozi ya mguu ulio peku, hasa kwa waliokulia mashambani, na tofauti na minyoo mingine hii hujizalisha ndani ya mwili uleule, ikakaa miaka mingi bila mwenyewe kujua. Kipimo kimoja cha choo mara nyingi huikosa. Mgonjwa akipewa steroidi, kinga inalala, minyoo inatapakaa hadi kwenye mapafu na kubeba bakteria wa utumbo kuwaingiza kwenye damu. Vifo vyake ni vingi. Hivyo kabla ya steroidi yoyote kwa mtu anayeharisha, pima choo zaidi ya mara moja, angalia kama chembe za eosinofili zimepanda, na ukiwa na mashaka tibu kwanza kwa aivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Albendazo ya kidonge kimoja tuliyozoea haitoshi kwa mnyoo huyu.

La pili ni ARV, dawa za VVU. Nimesema budesonidi ni salama kwa kuwa ini huivunja. Ritonaviri, iliyomo kwenye dawa nyingi za mstari wa pili pamoja na atazanaviri au lopinaviri, huzuia kimeng'enya kilekile kinachofanya kazi hiyo. Matokeo yake budesonidi hupanda kwenye damu, na mgonjwa anavimba uso, sukari inapanda, tezi za juu ya figo zinalala. Aliye kwenye dolutegraviri bila ritonaviri hana tatizo hilo. Dawa za fangasi kama ketokonazo, na hata maji ya balungi, hufanya kama ritonaviri. Rifampisini ya TB hufanya kinyume, inaiondoa dawa haraka isifae. Kabla ya kuandika budesonidi, ombeni kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya VVU, na ombeni kwa faragha.

Baada ya wiki nane mnaacha, na hapa mgonjwa aandaliwe mapema. Zaidi ya nusu yao ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miezi michache. Asione kwamba dawa imeshindwa. Mnaianza tena, halafu mnashuka hadi dozi ndogo kabisa inayomshika, miligramu 6 au 3, wengine hata 3 siku moja na kuruka ya pili. Kwa mama yetu ugonjwa ulirudi, naye yuko kwenye 3. Akikaa nayo muda mrefu mkumbuke mifupa: kalisi, vitamini D, na kipimo cha mifupa pale kinapopatikana. Wachache ambao budesonidi haiwashiki hupelekwa kwa bingwa, kuna kolestiramini kwa wale ambao nyongo inachangia, kuna azathioprini, na kuna dawa za sindano za kibayolojia. Mesalazini, iliyozoeleka kwa kolaitisi nyingine, hapa haina faida ya kutajwa.

Kufuatilia hakuhitaji kamera tena. Mpeni daftari. Kwa wiki moja aandike kila siku amekwenda mara ngapi na ngapi zilikuwa maji. Wastani ukiwa chini ya tatu kwa siku, na za maji chini ya moja kwa siku, ametulia. Na mwambieni waziwazi jambo ambalo wengi hawathubutu kuuliza: ugonjwa huu hauongezi hatari ya saratani ya utumbo mpana.

Tabibu mmoja amenipa swali kwenye karatasi kabla sijapanda hapa: kituo chake hakina kamera, hospitali ya rufaa iko mbali, je, anaweza kumwanzishia mgonjwa steroidi kwa kukisia akaona kama atapona? Hapana, kwa sababu ya strongiloidi na kwa sababu ya TB. Anachoweza kufanya kesho asubuhi ni hiki: amwage kifuko cha dawa mezani, asimamishe diklofenaki na lansoprazo kama hazina ulazima, atibu minyoo ipasavyo, ampe ORS na loperamidi, amwambie aandike daftari, na amwone tena baada ya wiki nne. Wako watakaopona kwa hilo tu. Ambaye hajapona amwandikie rufaa, na katika mstari wa ombi aandike kwa herufi kubwa kwamba vinyama vikatwe pande zote mbili hata utumbo ukionekana safi.